Re: Trei za keki zinanila faida, nipunguze gharama wapi?

Boss, umeuliza kama ununue mashine mpya ya kupasha shiti ya plastiki moto na kuivuta kwa moldi, ndio trei zitoke bei ya chini. Mi naona hiyo pesa usiiguse kwanza. Kwa hii kazi kinachokula pesa ni shiti ya plastiki yenyewe. Chukua ile fremu ya plastiki inabaki ukishakata trei, ipime kwa mizani, halafu pima na trei zilizotoka kwa hiyo shiti, ukiona fremu imekaribia nusu ya uzito wote ujue moldi (zile zinazopea trei umbo) zimeachana sana, peleka kwa fundi pale Kariobangi Light Industries azisogeze ama aongeze safu moja. Na fremu usitupe, kama ni plastiki aina ya PET weka peke yake ikiwa safi uuzie wanaosaga plastiki itumike tena, lakini ikiingia PVC, aina ingine ya plastiki, hata kidogo hakuna mtu ataitaka, hizo mbili hazipatani zikiyeyushwa pamoja.

Unene nao uangalie kwa kona za chini za trei, si pale juu, kona ndio huwa nyembamba zaidi kwa sababu plastiki inavutika mpaka huko mwisho. Ukiweka plagi (si ya stima, ni kipande cha kusukuma shiti ndani ya moldi) kabla vakyumu, yaani pampu ya kunyonya hewa, haijavuta, unene unasambaa vizuri na unaweza jaribu kushuka kutoka 0.5mm hadi 0.4, hiyo ni asilimia 20 ya malighafi. Jaribu na roli moja ya shiti kwanza.

Stima: ziba mianya kando ya hita, na uulize Kenya Power kama mita yako inaweza pata ile bei nafuu ya stima ya usiku. Kufuta vijana wa kazi achana nayo, hapo hakuna pesa ya maana.