Re: Mzee ana tezi dume, tusubiri hela ya roboti ya maji?

Pole sana mkuu kwa mzee. Msisubiri. Hiyo roboti ya maji ya kupunguza tezi dume iliyovimba ipo kweli, Marekani waliiruhusu 2017, kifaa kinapita njia ya mkojo so hakuna kupasua tumbo, dokta anaangalia tezi kwa ultrasaundi anachora sehemu ya kutoa halafu roboti inakata kwa maji ya presha kali bila moto, na uzuri wake wengi wanaendelea kutoa shahawa kawaida, tofauti na ile operesheni ya kukwangua tezi kwa umeme. Ila nusu kaputi iko palepale, mpira wa mkojo anawekewa na damu inaweza kutoka.

Sasa mzee umesema mkojo ulishaziba kabisa huko Ukerewe, huyo apande feri aje hospitali ya Bugando Mwanza aonane na dokta wa mkojo, apimwe figo na PSA (kipimo cha damu cha tezi dume). Kukwangua kwa umeme kunafungua njia vizuri tu jamani! Kwa upande wa vidonge, tamsulosini huanza kusaidia ndani ya siku chache, finasteraidi inataka miezi. Dawa za mizizi zinazouzwa stendi mwachishe kabisa. Na mkojo ukiziba tena usiku mkimbizeni hospitali ya Nansio wamwekee mpira kwanza, feri baadae.