Fundi mpya, kazi ikizidi siku usikimbilie kupandisha bei

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, hasa nyie mliozoea kuwa chini ya fundi mkuu na sasa mmeanza kupokea kazi zenu wenyewe, hili la bei litawatesa kuliko kazi yenyewe. Mi ni fundi tailizi hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu, na ugomvi karibu wote niliowahi kuwa nao na wateja haukuwa wa tailizi kupinda, ulikuwa wa hela iliyoongezeka baada ya kupatana.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Kazi ilikuwa Kimara, sebule skwea mita 28 na korido 14. Nilifika jioni giza linaingia, nikapiga futi, nikazunguka mara mbili, nikamwambia mama mwenye nyumba elfu nane kwa skwea, jumla 336,000, siku nne nakabidhi. Akakubali bila hata kuomba punguzo, akatoa nusu. Asubuhi yake navuta mpira wa maji wa kupimia usawa wa sakafu kutoka mlangoni mpaka kona ya dirishani, naangalia maji yanavyotulia, sakafu imeshuka sentimita nne. Nne! Kwa tailizi za 60 kwa 60 hapo hakuna ujanja, huwezi kujaza chini ya tailizi ukategemea itakaa, lazima uisawazishe kwanza kwa simenti na mchanga, uache ikauke, ndo uanze kupanga. Siku nne zikawa saba, simenti ikaongezeka mifuko mitano, na saidia fundi hajui habari za sakafu kushuka, yeye jioni anataka elfu kumi na tano yake.

Siku ya tano nikamfuata yule mama nikamwambia kazi imekuwa kubwa, niongezee laki moja na nusu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kwa upole tu, "Baba, na ungemaliza kwa siku mbili ungenirudishia?"

Nilikosa jibu. Maana kweli, wiki tatu kabla ya hapo kuna choo nilikisemea siku tatu nikakimaliza kwa moja na nusu na hela nikachukua yote, tena nikajiona mjanja. Ukitaja bei ya kazi nzima umeingia kwenye bahati, kuna siku unakula na kuna siku unaliwa, huwezi kutaka zile za kula ziwe zako na za kuliwa ziwe za mteja. Kama hutaki hiyo bahati kuna kibarua cha siku, mwambie mteja nalipwa kwa siku, na yeye atakaa kwenye kiti anakuangalia ukinywa chai.

Kuna hoja moja mafundi tunaipenda sana, na mi siku ile niliishika: "Lakini ningeiona ile sakafu mapema ningemwambia 490,000 na angekubali, kwahiyo simuonei." Inaonekana ina akili, ila angalia vizuri. Ungemwambia mapema angekuwa na la kuchagua, angeweza kuita fundi mwingine, au kuweka sebule tu korido isubiri, au kutandika kapeti mpaka mwezi ujao. Ukimwambia siku ya tano vyombo viko nje, nusu ya sebule imeshapangwa, huyo hachagui tena, huyo umemkaba. Na anajua umemkaba hata kama hakusemi.

Tulimalizana hivi, simenti mifuko mitano akanunua yeye, kwa sababu ile sakafu ingeitaka hata angekuja fundi gani, lakini siku tatu zilizozidi zikawa zangu maana mpira wa maji nilikuwa nao kwenye begi ile jioni na sikuutoa kwa uvivu. Saidia fundi nikamlipa 45,000 za siku hizo kutoka mfukoni. Iliuma. Tangu hapo sitaji bei kabla sijavuta mpira, hata mteja awe na haraka gani, na kama giza limeingia namwambia nitarudi kesho asubuhi.

Sasa kuna kitu kibaya zaidi ya kuomba nyongeza, na hiki hamtafundishwa na mtu, mtakiona tu kwa wenzenu mkadhani ndo ufundi. Fundi akishaona amejipunja bei hasemi, anafidia kimyakimya. Anaenda dukani kwa niaba ya mteja anaweka cha juu kwenye kila mfuko, au anapunguza simenti kwenye mchanganyiko, au tailizi anaiwekea madonge manne kwenye pembe badala ya kupaka chini kote, inakaa, inang'aa, anakabidhi, anasepa. Gonga hiyo tailizi kwa sarafu katikati, inalia kama debe tupu. Siku mtu anaburuza friji inapasuka. Bora mara mia fundi anayeomba nyongeza waziwazi hata kama hana haki nayo kuliko huyu, na nawaambia hivi nikijua kuna wakubwa zangu kazini watanuna.

Halafu kuna kuzidi ambako hakukuhusu kabisa, na hapo msijifanye watakatifu mkala hasara isiyo yenu. Nilipewa bafu la nyumba ya zamani Magomeni, mwenye nyumba yuko Muscat, tunaongea kwa WhatsApp tu. Kazi ni kubomoa tailizi za zamani na kuweka mpya. Nimebandua ukutani, nyuma yake bomba la chuma limeliwa na kutu mpaka ukiligusa linadondosha magamba, na ukuta umelowa. Hapo hakuna mpira wa maji wala macho yangeliona. Nikasimamisha kazi hapo hapo, nikapiga picha tatu na video fupi ya maji yanavyotoka, nikamtumia, nikamwandikia bomba hili libadilishwe kabla sijafunika, fundi bomba anataka kiasi hiki, mi kuchimba na kuziba nataka kiasi hiki, usipotaka nafunika lilivyo ila nitaandika kuwa nilikuonyesha. Akajibu baada ya siku moja, badilisha. Hakuna aliyemkasirikia mwenzie, kwa sababu aliona tatizo kabla ya kuona bei.

Na ile ya "kwa kuwa upo hapa hapa fundi, nisaidie na kibaraza"? Hiyo ndo inayomaliza vijana. Kipande kimoja cha tailizi kilichovunjika jikoni weka bure, ila useme kwa mdomo kwamba hiki nimekupa. Kibaraza cha skwea sita si msaada, ni kazi, tajeni bei yake palepale kabla hujachukua mwiko, maana ukishakimaliza kimeshakuwa sehemu ya yale mliyopatana mwanzo, kwenye kichwa cha mteja lakini.

Mi siku hizi kabla ya kuanza namtumia mteja meseji, si mkataba wa mwanasheria, meseji tu. Kitu kama hiki: "Mama, kuweka tailizi sebule na korido skwea 42, ufundi 336,000, siku nne. Vifaa vyote unanunua wewe. Nimepima sakafu iko sawa. Haijaingia kubomoa, haijaingia bomba, wala sketi, ule mstari wa tailizi wa chini ya ukuta. Nikikuta kitu chini nitakuonyesha kwanza kabla sijaendelea." Akijibu tu "sawa" imetosha. Makubaliano ya mdomo nayo yanatambulika, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayakubali, ila nani atakumbuka mliongea nini mlangoni wiki mbili zilizopita, tena kila mtu anakumbuka upande wake. Na kama bei bado hujaijua sema ni makadirio, sema neno lenyewe, na taja isizidi ngapi. Usiseme bei halafu ukizidiwa ndo uanze kusema yalikuwa makadirio.

Siku za kusubiri ndo bado zinanisumbua. Ile ya Magomeni nilikaa siku moja kungoja jibu la Muscat na saidia fundi alikuwa kakaa kwenye ndoo anachezea simu, nikamchaji mwenye nyumba elfu kumi na tano ya kijana, yangu nikasamehe. Fundi niliyefundishwa naye alisema nilikosea, ilibidi nichaji na yangu. Mwingine akasema nisingechaji hata senti, ningemrudisha kijana kwao asubuhi ile ile.