Si damu ya mtoto iliyozoea mseto

SWALI: Shikamoo mama wa maabara. Mwanangu ana miaka minne, kilo 16. Alikutwa na malaria kwa kipimo cha haraka, nikampa mseto vidonge viwili viwili asubuhi na jioni kwa siku tatu mpaka vyote 12 vikaisha. Akapona, akacheza. Siku ya kumi na mbili kapata mafua na joto kidogo, nikampima tena zahanati: mistari miwili. Mama mkwe anasema damu ya mtoto imeshazoea mseto. Wa duka la dawa anataka achomwe sindano. Kweli mwili huzoea dawa?
Mama wa Karagwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Neno la mkweo nimelisikia miaka yote niliyokaa kwenye hadubini, na sijachoka kulijibu: damu ya mtoto haizoei mseto. Anayebadilika ni mdudu mwenyewe, kimelea. Naye hazoei kama mtu anavyozoea pilipili.

Kimelea cha malaria huzaliana kila baada ya saa 48 hivi, na mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni. Kila kinapojigawa kinanakili vinasaba vyake, herufi kama milioni 23, na katika mabilioni hayo lazima mahali fulani herufi ikosewe. Makosa mengi hayakisaidii kitu. Lakini likitokea moja la kukikinga na dawa, wenzake wote wanakufa, chenyewe kinabaki kuzaa, na mbu anakipeleka nyumba ya pili.

Nilianza kazi Muheza enzi za klorokwini, ile chungu, inayowasha mpaka mtu anakesha akijikuna. Dawa ile ilikuwa ikijikusanya katika kifuko ambamo kimelea husagia himoglobini ya damu yetu. Kwenye ukuta wa kifuko kuna protini inayotokana na jeni ya pfcrt. Protini ni kama mnyororo wa viungo vidogo; kiungo chake cha 76 kikabadilika kutoka aina iitwayo lisini kuwa threonini, na mabadiliko mengine machache yakaambatana nacho, basi ukuta ukaanza kuitoa dawa nje. Nami niliyaona matokeo bila kujua jeni: mtoto kamaliza dozi, naweka slaidi, na zile pete ndogo za zambarau, yaani vimelea vichanga, bado zimejaa. Tuliandika “+++”, alama ya vimelea vingi, siku nyingine mpaka mkono unakuwa mzito. Mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, kisha 2006 ikaja mseto unaoujua.

Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993. Watafiti walipoijaribu tena Blantyre mwaka 2005, katika watoto 80 waliotibiwa nayo ilishindwa kwa mmoja tu. Dawa ilipoondoka, vimelea vyenye kasoro ile vilizidiwa na wenzao. Ingekuwa damu za watu ndizo zilizozoea, jambo hilo lisingetokea.

Sasa kwenu Karagwe, maana sitaki nikufiche. Sampuli zilizochukuliwa huko mwaka 2021 zilionyesha mabadiliko kwenye jeni ya K13, kiungo cha 561, yaleyale yaliyokwisha kuonekana Rwanda. Artemetha, dawa ya kwanza ndani ya mseto, ya ukoo wa artemisini, huamshwa na madini ya chuma yanayotoka kwenye himoglobini iliyosagwa. Kimelea chenye K13 iliyobadilika kinapokuwa bado pete hula himoglobini kidogo, kwa hiyo dawa haiamshwi vya kutosha. Kinachelewa kufa. Hapo ndipo lumefantrini, mwenzake anayekaa mwilini siku nyingi, anapokuja kummalizia kazi, na ndiyo maana wagonjwa wengi bado wanapona. Ulivyohakikisha vidonge vyote 12 vimeisha, ulifanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Safari nyingine mpe na maziwa au chakula chenye mafuta, lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi.

Ila mistari yako miwili haithibitishi usugu, yaani kimelea kuishinda dawa. Kipimo cha haraka kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Siku ya kumi na mbili ni mapema mno kukiamini peke yake. Sindano nayo iache: ile ya artesunati ni ya malaria kali, na ni ya ukoo uleule wa artemisini.

Mpeleke kituo cha afya chenye hadubini, leo au kesho, ukaombe slaidi ya tone nene. Wakiona vimelea, daktari ataamua kama abadilishiwe mseto. Wasipoviona, watafute sababu nyingine ya joto lile. Akipata degedege, akitapika kila kitu au akilegea, usingoje asubuhi. Na ubebe karatasi ya kipimo cha kwanza yenye tarehe, mtu wa maabara ataihitaji.