Kirusi hakijibadilishi

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Sahihi ni lipi, kirusi cha korona kimebadilika au kimejibadilisha? Na 'kirusi' ni Kiswahili kweli?"

La pili nalimaliza haraka. Virusi asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Lilipotufikia, masikio yetu yalisikia vi- ya wingi kama ya viti na vitu, tukalipa umoja wake. Kirusi ni Kiswahili halali, tumieni.

La kwanza ndilo linalonikera tangu 2020. "Kirusi kimejibadilisha ili kikwepe chanjo." Hiyo -ji- ina mtu ndani yake! Mwizi hujibadilisha mavazi asitambulike, kwa kuwa ana nia na ana akili. Kirusi hakina nia wala akili. Kikiingia kwenye seli hunakiliwa mara nyingi mno, na katika kunakiliwa huko herufi ya RNA, yaani maandishi ya urithi ya kirusi, hukosewa. Mchapaji akiandika "kura" pahali pa "kula", utasema neno limejibadilisha?

Chukua badiliko liitwalo E484K, lililokuwamo katika aina ya Beta iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 2020. Protini ya mwiba, ile ambayo kirusi hushikia seli zetu, ni mnyororo wa asidi amino 1,273, yaani vijenzi vya protini. Ya 484 ilikuwa glutamati, yenye chaji hasi. Mahali pake ikakaa lisini, yenye chaji chanya. Pete moja tu ya mnyororo. Lakini ni palepale kingamwili nyingi, zile protini za mwili zinazonasa virusi, zinapong'ang'ania, na sasa zikawa zinateleza. Virusi vyenye kosa hilo vikapenya hata kwa waliokwisha kuugua, vikazaana. Visivyo nalo vikanaswa. Makosa mengine chungu nzima huviua virusi vyenyewe, na hayo hakuna anayeyatangaza redioni.

Ilipotangazwa aina nyingine, Omicron, Novemba 2021, ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, jirani yangu mzee aliniambia: "Mwalimu, kinajibadilisha kila tukichanja. Kimetushinda akili, sichanji tena." Ile -ji- ilikuwa imemwingia. Nilikaa naye barazani nikamweleza kwamba seli T, walinzi wengine wa kinga ya mwili, hutambua vipande vingi vya mwiba, na vingi kati ya hivyo havikuguswa. Ndiyo maana waliochanjwa waliambukizwa lakini wengi wao hawakuzidiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika "kimebadilika". "Kimegeuka" nitalivumilia. "Kimejibadilisha" nitalikata kwa wino mwekundu kila nitakapolikuta.