Kabla Hujajaza Bomba, Tazama Doa Limeelekea Wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya bustani, hasa ninyi mliotoka chuoni na daftari lililojaa majina ya vimelea: msimu huu nimeona tena bomba likijazwa dawa ya ukungu kwa ajili ya nyanya zilizobabuka na jua. Jua halina dawa ya kupiga. Ukipiga mankozebu, dawa ya ukungu, hapo umemtia mkulima hasara mara mbili, maana matunda aliyotaka kuvuna kesho umeshayafungia siku za kusubiri dawa iishe kabla ya kuvuna. Nayaandika haya ili nikiulizwa tena "kaka, nipige nini?" niwe na haki ya kununa.

1. Anza na upande. Doa la jua hukaa kwenye uso wa tunda uliokosa kivuli, na matunda jirani huwa nalo upande uleule: jeupe au la manjano iliyopauka, limekauka, limebonyea kidogo. Upande wa pili wa tunda hilohilo ni mzima kabisa. Geuza tunda, kisha funua majani utazame yaliyojificha. Kama yaliyo kivulini ni salama, weka bomba chini.

Hili nimelilipia. Nilikuwa mgeni kazini, Ilula kule Iringa, kwa mama mmoja mkulima wa nyanya, mwezi wa Oktoba. Chuoni nilifundishwa kwamba bakajani, ugonjwa wa madoa kwenye majani ya nyanya, inapenda majani yaliyobanana. Nikakuta nyanya zake zimejifunika vizuri, zimefungwa kwenye miti, na majani ya chini yana madoa machache ya bakajani tangulia. Nikaagiza kupogoa. Kuondoa yale ya chini kungetosha, lakini nilitaka upepo upite, nikapandisha kisu hadi juu ya vichala. Kijana mmoja aliniuliza, "Yote haya, bwana shamba?" Nikamjibu kwa Kilatini. Tulipomaliza, shamba lilikuwa jeupe, unamwona mtu aliyechuchumaa tuta la mbali.

Siku chache baadaye matunda ya kijani yakatoka mabaka meupe. Nikasema ugonjwa, nikapiga mankozebu. Mabaka yakaongezeka, na yangeachaje kuongezeka wakati jua lilikuwa linawaka kila siku? Nikaongeza dawa ya shaba. Kisha juu ya mabaka pakaota ukungu mweusi, na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Kumbe ukungu ule huingia kwenye ngozi iliyokwisha kufa. Ulikuja matangani, haukuua mtu. Mimi nikaamuru mistari iliyozidiwa ing'olewe na kuchomwa moto, miche yenye vichala vinavyokaribia kubadilika rangi, mali ya mtu aliyekopa mbolea.

Mama alikuja jioni. Hakupiga kelele. Akapita kati ya matuta, akageuza tunda hili, akageuza lile, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huu ugonjwa wako umejuaje jua linazama wapi?" Kila doa lilitazama magharibi. Sikuwa na jibu, hata la Kilatini. Akawatuma vijana wakate nyasi, wakazilaza juu ya vichala vilivyobaki wazi, na vingi viliokoka. Matenga tuliyopoteza yalizidi kwa mbali yale ambayo bakajani ile ya chini ingeyachukua. Mshahara wangu alinilipa wote bila kukata hata shilingi, na mpaka leo natamani angekata.

2. Upande wenyewe unahama na msimu. Vitabu vya Ulaya na Marekani vitakuambia jua huunguza kusini na magharibi. Sisi tuko kusini mwa ikweta: Juni na Julai jua la mchana linakaa kaskazini, Desemba linahamia kusini. Magharibi ndiyo haibadiliki, kwa kuwa jua la alasiri hukuta hewa na tunda vimeshapata moto. Kwa hiyo usikariri, inua kichwa utazame.

3. Ugonjwa hutembea. Bakajani tangulia huanzia majani ya zamani ya chini, doa lina duara ndani ya duara, kisha hupanda juu. Bakajani chelewa inataka ubaridi na unyevu. Amka mapema, geuza jani, utaona utando mweupe pembeni mwa doa. Jua halifanyi hivyo. Chukua kalamu ya wino mzito, zungushia mpaka wa doa kwenye majani machache, urudi baada ya siku mbili au tatu. Doa likivuka wino, tuzungumze dawa. Na kama jani limepauka kwa vidoa vidogo vidogo wakati wa kiangazi, tafuta utitiri mwekundu, vijidudu vidogo mno, kwa chini kabla hujalitukana jua.

4. Miche iliyopandikizwa jana na leo imepauka: tazama majani machanga. Yakitoka safi, ni jua, na kosa ni la kitaluni, mliiondoa kivulini ghafla. Punguza kivuli kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi kabla ya kupandikiza.

5. Mmea ukinyauka saa nane na kusimama jioni, ni joto au kiu. Ukishindwa kuamka hata asubuhi, majani bado kijani na udongo una maji, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, huo ni mnyauko bakteria.

6. Acheni kuwatisha wakulima kwamba matone ya maji ya mchana huunguza majani. Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2010: kwenye jani laini lisilo na vinyweleo tone haliunguzi. Kumwagilia mchana ni kupoteza maji, basi. Kinachounguza ni dawa iliyopigwa wakati wa joto kali, salfa hasa. Kijana mmoja alibishana nami kutwa nzima kuhusu matone, huku mgongoni amebeba bomba la salfa, saa saba mchana. Nilimpa maji ya kunywa kwanza.

7. Mara nyingine mnabishana, huyu anasema jua, yule anasema ugonjwa, na wote mko sahihi. Hoho ikishikwa na ubwiri unga, ukungu unaokaa kwenye majani kama unga mweupe, huangusha majani, na matunda yaliyobaki uchi hubabuka. Hapo tibu ubwiri uokoe majani yaliyobaki, vuna yaliyokomaa, tandika neti ya kivuli au nyasi. Lililobabuka halirudi kijani, litoe kabla halijaoza.

Lakini jani lililoungua nusu liacheni mahali pake, kwa sababu ile nusu ya pili bado inafanya kazi na yote inatia kivuli. Nina kijana, mchapakazi kweli, aliyeyanyofoa yote ili shamba lipendeze. Mwenye shamba alipita, akamsifu kwa usafi. Wiki iliyofuata alipita tena akiwa na dalali, na dalali hakuangalia usafi.