Anayekataa mashine si mshamba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala ya Kiingereza kuhusu babu mmoja, fundi saa, anayeitwa "Luddite" kwa kuwa hataki simu janja, anatumia kitochi tu. Nimeandika "mshamba wa teknolojia". Mwenzangu anasema ni "mpinzani wa teknolojia". Nani yuko sahihi? Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba. Mwenzako amekaribia. Wewe umepotea, na ningependa ulifute hilo neno kabla makala haijachapwa.

Mshamba, kwa Kiswahili cha mjini, ni mtu asiyejua. Anayesimama mbele ya lifti kwenye ghorofa la Posta akingoja ifunguke yenyewe bila kubonyeza kitufe, huyo watamwita mshamba. Babu wa makala yako ni fundi saa. Vyombo vidogo vyenye mambo mengi ndani ndiyo kazi yake. Simu janja anaijua, ameikataa. Ukimwita mshamba umemtukana kwa kosa ambalo hakulifanya.

Hata hao walioanzisha jina hili walionewa hivyohivyo. Walikuwa mafundi wa Uingereza. Mwaka 1811, katika vijiji vya kandokando ya Nottingham, walianza kuvunja usiku mitambo ya kufuma soksi, na barua zao za vitisho wakazitia sahihi ya Ned Ludd, jemadari wa kubuni. Sasa angalia: mtambo wa soksi ulibuniwa mwaka 1589. Wao na baba zao walikuwa wameutumia zaidi ya miaka 200! Hawakuuogopa wala hawakushindwa kuuendesha. Walichopinga ni matajiri waliokata ujira na kuitumia mitambo hiyo kutoa soksi hafifu zilizoharibu jina la ufundi wao. Mwaka 1812 Bunge lilipitisha sheria ya kumnyonga mvunja mtambo, ingawa mshairi Byron alisimama kuipinga, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York. Kwa hiyo ukiwataja hao wa kale, waite "wavunja mashine" au "wafuasi wa Ludd". Mtu anaweza kuunda "Mludi, Waludi" kwa mfano wa Mkristo, Wakristo, lakini hapa Dar vinywa vingi hubadilishana l na r. Ukilitamka kwenye daladala jirani atasikia "warudi", na atauliza wanarudi kutoka wapi.

Mpinzani nalo lina shida yake. Limetoka kwenye kupingana, na kupingana kunataka pande mbili. Ndiyo maana tunalitumia kwa vyama vya siasa na kwa timu inayokutana na Simba au Yanga. Teknolojia haipingani na babu.

Neno ninalolipendelea ni "mpinga teknolojia". Limejengwa kama mpiga kura, mvuta sigara, na yule Mpinga Kristo wa waraka wa kwanza wa Yohana: kitendo, kisha kinachotendwa, bila "wa" katikati. Wengi huandika "mpinga wa teknolojia", na hilo ni kosa. Ukiitaka "wa", basi rudisha -ji: "mpingaji wa teknolojia", kama mpigaji wa ngoma. Wingi ni wapinga teknolojia.

Hata hivyo lina uzito. Mpinga kitu husimama na kukikataza hata kwa wengine, na sidhani babu wa kitochi amemkataza mjukuu wake kitu. Kwa mtu wa namna hiyo Kiswahili hakihitaji jina, kitenzi kinatosha. Mimi ningeandika: "Babu hana haja na simu janja; saa za watu anazitengeneza, na kitochi chake kinamtosha."