Ukienda kusikiliza kantri na ndugu yako, chagua ukumbi kabla ya nyota

Watu wakisikia mtu anakwenda kwenye onyesho la kantri, ule muziki wa Kimarekani, swali la kwanza huwa ni nani anaimba. Kama unakwenda peke yako, swali hilo linatosha. Kama unakwenda na ndugu yako, liweke kando kwanza. Ndugu mliolelewa na redio moja mnadhani mnapenda muziki mmoja, na hapo ndipo mnapokosana. Dada yangu ni mtu wa Jim Reeves na Don Williams: sauti nzito ya taratibu, maneno yanayosikika yote, gitaa lisilo na haraka. Mimi napenda fidla na banjo, vyombo vya nyuzi, zikikimbizana. Redio ilikuwa moja, lakini kila mmoja wetu alikuwa akisubiri wimbo wa mwenzake uishe.

Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kwenda pamoja Nashville, Marekani, mji wa kantri, hatukutafuta tiketi ya msanii. Tulitafuta ya Grand Ole Opry, na kama ladha zenu zinapishana kama zetu, ningekushauri ufanye vivyo hivyo.

Opry asili yake ni kipindi cha redio. Kilianza Novemba 28, 1925 katika kituo cha WSM, na hadi leo kinarushwa hewani moja kwa moja kutoka ukumbini. Kwa sababu hiyo hakuna msanii anayeshika jukwaa usiku kucha. Anapanda mmoja, anaimba nyimbo mbili tatu, anashuka. Mtangazaji aliyesimama pembeni anasoma tangazo la biashara huku mafundi wakipanga vyombo, kisha anaingia mwingine. Mkongwe mwenye mvi anafuatwa na kijana ambaye ndiyo kwanza jina lake linaanza kusikika, halafu kundi la bluegrass (kantri ya kasi ya banjo na fidla), pengine mchekeshaji, pengine wacheza dansi ya kizamani wanaogonga visigino sakafuni. Usichokipenda hakikai sana. Dada yangu alizivumilia fidla zangu kwa subira kwa kuwa alijua zamu yake iko njiani, na kweli ilifika: mzee mmoja mwenye gitaa tu, bila mbwembwe, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Kasoro ipo. Tiketi huuzwa mapema, na majina ya wasanii huongezwa kidogo kidogo kadiri tarehe inavyokaribia. Anayetaka uhakika wa jina fulani atakereka. Na kama ndugu yako ana msanii mmoja anayemlilia tangu utotoni, mpeleke kwa huyo huyo, usimlazimishe mchanganyiko. Ila kama msanii huyo anaimba kwenye uwanja wa mpira, jueni kwamba mtatazama skrini kuliko jukwaa. Mimi naamini kantri hupoteza mengi ikipelekwa uwanjani. Wimbo wake mara nyingi ni kisa: kuna mtu, kuna alilolitenda, na kuna ubeti wa mwisho unaokigeuza kisa chote. Ubeti huo ukikupita, umebaki na ngoma.

Kumbi za kujua ni mbili. Ryman uko katikati ya mji. Ulifunguliwa mwaka 1892 kama jengo la mikutano ya injili, kwa juhudi za Thomas Ryman, tajiri wa meli za mtoni, na Opry ikafanyika humo kuanzia 1943 hadi 1974. Mabenchi yake bado ni ya mbao, ya kikanisa, na madirisha yake ni ya vioo vya rangi. Unaingiza watu zaidi kidogo ya 2,300. Grand Ole Opry House ulifunguliwa 1974 nje ya katikati ya mji, karibu na mto Cumberland, nao unachukua watu wapatao 4,400 kwenye mabenchi yenye mito. Kipindi kilipohamia huko, kipande cha mviringo cha mbao kilikatwa kutoka jukwaa la Ryman na kupachikwa katikati ya jukwaa jipya, pale mwimbaji anaposimama. Mafuriko ya Mei 2010 yalipoingia ndani, mbao hizo ziliokolewa, zikatengenezwa na kurudishwa mahali pake. Mtazame msanii anayepanda hapo kwa mara ya kwanza: wengi huinamisha macho miguuni kabla ya kuwatazama watu.

Opry bado hurudi Ryman kwa siku chache; mkipata tarehe kama hiyo, ichukueni, ila angalieni viti. Chini ya roshani kuna nguzo, na baadhi ya nafasi zinauzwa kwa onyo kwamba hutaliona jukwaa vizuri. Safu za mbele za roshani ni bora kuliko za nyuma chini, hata kama ramani ya viti inaonyesha kinyume. Benchi nalo ni benchi: mnabanana, bega kwa bega. Nikiwa na ndugu yangu sioni tabu. Nikiwa na mfanyakazi mwenzangu ningefikiri mara mbili.

Kuhusu fedha, semeni mapema. Katika familia nyingi zetu mkubwa hulipa, na mkubwa akishalipa kila kitu basi yeye ndiye huamua kila kitu, kuanzia saa ya kuondoka hadi mahali pa kula. Dada yangu alitaka kulipa yote. Nikamwambia, "Dada, nakuheshimu, lakini tiketi niachie mimi, wewe chukua malazi." Tukakubaliana hivyo, na hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake. Mmoja anunue tiketi zote kwa mkupuo ili viti viwe pamoja, na anunue kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Ukitafuta jina la ukumbi kwenye intaneti, mara nyingi tovuti za walanguzi hutangulia juu kabisa, zimepambwa kama za ukumbi, na bei zake huweza kuwa mara mbili au zaidi. Usilinganishe bei ya kwanza unayoiona. Linganisha ile ya mwisho, baada ya ada zote.

Kuna jambo ambalo ndugu zetu weusi huuliza kwa sauti ya chini: hivi kule tunakaribishwa? Wasikilizaji wengi ni wazungu, hilo mtaliona mara mkiingia. Sisi tulisalimiwa vizuri, na mama mmoja wa benchi la nyuma alitaka kujua dada yangu alizijuaje nyimbo za zamani kiasi kile. Lakini nendeni mkijua kwamba si muziki wa kuazima. Banjo ilitokana na vyombo ambavyo Waafrika waliofanywa watumwa walikuja na ufundi wake kutoka Afrika Magharibi. Mmoja wa nyota wa mwanzo wa Opry alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepuliza kinanda cha mdomo hadi ukadhani treni inapita. Jina Grand Ole Opry lilitamkwa mara ya kwanza hewani mwaka 1927, muda mfupi kabla ya yeye kupiga. Mwaka 1941 aliondolewa, na ilibidi ifike 2005, miaka mingi baada ya kifo chake, ndipo akaingizwa katika orodha ya heshima ya muziki wa kantri. Charley Pride, ambaye sauti yake wengi wetu tuliisikia redioni bila kujua rangi yake, alifanywa mwanachama wa Opry mwaka 1993. Tengeni mchana mmoja kwa Jumba la Makumbusho la Taifa la Muziki wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa 2021, hatua chache tu kutoka Ryman. Sisi tulikwenda hapo kabla ya onyesho, na banjo ilipoanza usiku ule dada yangu aliisikiliza kwa sikio jingine. Alinipiga kiwiko, akasema, "Kumbe hii kelele yako ni yetu."

Mchana huohuo mnaweza kupita mtaa wa Broadway, kwenye baa za muziki kama Tootsie's na Robert's Western World. Mlango wa nyuma wa Tootsie's unatazamana na Ryman kupitia uchochoro, na enzi Opry ikiwa Ryman wanamuziki walikuwa wakivuka hapo kupata kinywaji kati ya zamu zao. Baa nyingi za mtaa huo hazitozi kiingilio. Wapigaji hutegemea bakshishi, kwa hiyo bebeni noti ndogo ndogo, na ukiomba wimbo, ombi lako lifuatane na noti. Bebeni pasipoti pia hata kama mna mvi: umri wa kunywa pombe Marekani ni miaka 21, na walinzi wa mlangoni hawaangalii sura. Usiku wa mwisho wa wiki mtaa hugeuka kuwa sherehe za mabibi harusi watarajiwa na spika zinazoshindana. Kama ndugu yako amekuja kusikiliza, mtoeni huko jua likizama.

Sasa lile ambalo sikulisoma popote kabla ya kwenda. Kantri haioni haya kumtaja mama, baba, kaburi, nyumba iliyouzwa, mtoto aliyeondoka bila kuaga. Ukisikiliza na rafiki, ni nyimbo. Ukisikiliza na mtu aliyezaliwa tumbo moja nawe, kila mmoja wenu anaweka sura zilezile kwenye maneno yale. Zikianza nyimbo za namna hiyo, usimgeukie ndugu yako kuona kama analia. Usimwambie "Unakumbuka?" katikati ya ubeti. Mwache. Na mkitoka, msitumie ulaini wa saa ile kufungua shauri la shamba au la nani hakuja hospitali. Nimeona watu wakidhani moyo ukilainika ndio wakati wa kumaliza ugomvi wa zamani. Saa nne usiku, mna njaa na miguu inauma, hakuna shauri la familia litakaloisha. Tafuteni chakula, bishaneni kuhusu nani aliimba vizuri zaidi. Shauri, kama lipo, litangoja mlale kwanza.

Halafu kuna hili la kuimba. Kantri ina historia ndefu ya ndugu wanaoimba pamoja: Louvin Brothers, Everly Brothers, na kabla yao Carter Family, waliorekodi mara ya kwanza Bristol ya Marekani mwaka 1927, mume, mke na binamu wa mke. Wajuzi husema sauti za damu moja hushikana kwa namna isiyofundishika, na ina mantiki, kwani ndugu hutamka irabu kwa namna moja na huvuta pumzi mahali pamoja. Basi kila ndugu wawili wakiingia ukumbini hujiona Everly. Mpaka mwimbaji awaalike wote, imbeni moyoni. Jirani yenu hakulipia sauti zenu, hata zikishikana kiasi gani. Vivyo hivyo simu: rekodi kibwagizo kimoja, utume kwa wale wa nyumbani, kisha uizime.

Kwenye mikoba, soma masharti ya ukumbi siku ile ile, kwa kuwa kumbi nyingi kubwa za Marekani hukataa mikoba mikubwa au zinataka iwe ya plastiki inayoonyesha kilichomo. Mkiwa Opry House msikimbilie kuita gari wimbo wa mwisho ukiisha, maana kila mtu anaita dakika hiyo hiyo na bei inapanda. Zungukeni kidogo nje, pigeni picha, magari yatapungua.

Kama mna usiku wa ziada, kuna Bluebird Cafe, iliyofunguliwa 1982 katika safu ya maduka ya kawaida kabisa, mbali na taa za Broadway. Inaingiza watu wapatao 90. Watunzi wa nyimbo hukaa katikati ya chumba wakitazamana, wasikilizaji wamewazunguka, na kila mmoja huimba wimbo wake na kueleza ulivyozaliwa. Tiketi huisha haraka sana, na kimya hudaiwa kwa dhati: ukinong'ona utakemewa. Hapo ndugu yako ni wa kuchagua kwa makini. Dada yangu hawezi kunyamaza dakika tano bila kutoa maoni, nami sikutaka kumfunga mdomo mtu aliyenilea. Nikaenda peke yangu, yeye akaenda kutafuta buti.